Mayai 60 ya Kuchi, vifaranga 11: je, nimetapeliwa?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Njombe, nimekaa jikoni pembeni ya mashine ya kutotolesha ambayo mpaka leo inanuka yai viza.

Mwezi wa tano, kwenye grupu letu la WhatsApp la wafugaji, mtu mmoja wa Dar aliweka picha ya jogoo wake wa aina ya Kuchi. Shingo ndefu, kifua wazi, amesimama kama askari wa zamu. Nikapagawa. Nilipomfuata pembeni akaniambia ana mitetea minane na jogoo huyo mmoja, kuku hauzi, anauza mayai ya kutotolesha, shilingi 2,000 kila yai. Nikaagiza trei mbili. Hiyo laki na ishirini niliikopa kwenye kikoba chetu, mume wangu nikamwambia hela ikiwa imeshaondoka. Muuzaji akasema nisubiri akusanye. Nilisubiri wiki mbili na siku kadhaa, mpaka nikaanza kumsumbua kwa simu.

Katikati ya Juni mzigo ukapandishwa basi la alfajiri, ukafika stendi ya hapa saa mbili usiku, bodaboda akaniletea nyumbani. Trei zilikuwa zimebebanishwa ndani ya katoni ya sabuni na kufungwa kamba, basi. Manne yamevunjika, ute umeyamwagikia mengine. Nikayaosha yote 56 kwa maji ya bomba (maji ya Njombe ya mwezi wa sita unayajua), nikayafuta kwa kanga, na saa tatu na nusu yalikuwa ndani ya mashine. Sikutaka yalale na baridi.

Mashine nimetengenezewa na fundi wa hapa mjini. Inabeba mayai 96, ina feni, na inageuza yenyewe kila baada ya saa mbili. Kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza mayai kumi ya kuku wangu wa kienyeji, waliyotaga wiki hiyohiyo.

Siku ya kumi nikamulika kwa tochi ya simu. Ya kwangu tisa yana mishipa, moja jeupe. Ya Kuchi, 21 meupe pee, matano yana pete ya damu. Hayo yote niliyatoa nikampelekea jirani mwenye nguruwe. Siku ya 16 moja likapasuka lenyewe, nyumba nzima tukalala madirisha wazi na baridi hii. Umeme ulikatika mara moja tu, kwa muda wa saa nne hivi.

Siku ya 20 jioni vifaranga wa kienyeji wakaanza kutoka, na hadi siku ya 21 alasiri walikuwa wanane. Kila niliyemwona amekauka nilifungua nikamtoa, nikamweka kwenye boksi lenye taa. Wa Kuchi ndiyo kwanza wanaanza kudonoa. Siku ya 22 wakatoka 11. Waliobaki ni 18. Sita walishatoboa ganda, mdomo unauona, wakafia hapohapo. Kumi na wawili hawakudonoa kabisa.

Nilipomwandikia muuzaji akanijibu mstari mmoja: "Mayai yangu yana mbegu, angalia mashine yako." Hapo nikawaka. Nikamwanika kwenye grupu kwamba ni tapeli, ameniuzia mayai ya kukaanga kwa bei ya Kuchi. Watu wakamshambulia, naye akajitoa. Mume wangu anasema nikirudia, ninunue vifaranga au niache kabisa. Mimi nataka niagize tena trei mbili mwezi wa nane, kwa mtu mwingine.

Shangazi, nimetapeliwa? Nidai hela yangu? Na nikiagiza tena, nifanyeje?

Mwenye Trei Mbili, Njombe

*

Marahaba mwanangu, na kamwene pia.

Nianze na mayai ambayo hukuyaulizia, yale kumi ya kienyeji. Wewe uliyatia kwa kuwa nafasi ilibaki, kumbe ulikuwa unajiwekea shahidi. Mashine ileile, umeme uleule uliokatika, mikono ileile, na nane kati ya kumi wametoka. Mashine inayotoa nane kwa kumi haina kesi ya kujibu. Kwa hiyo aliyekwambia uangalie mashine alikujibu kwa hasira tu.

Lakini na wewe kumwita tapeli hukumtendea haki. Hesabu umeiandika mwenyewe ukapita juu yake. Mitetea minane, ya Kuchi. Kuchi anapendwa kwa kimo, uzito na ubishi wake. Kwa mayai si wa kumtegemea. Tuseme kila mmoja alitaga leo akapumzika kesho, na hapo nimewapendelea. Hayo ni mayai manne kwa siku. Trei mbili zinajaa baada ya siku 15. Na wewe unasema ulisubiri wiki mbili na siku kadhaa. Yai la kwanza kuingia kwenye trei lilikuwa na umri wa nusu mwezi kabla halijaliona basi, na muda wote huo limekaa Dar, chumbani kwa mtu, kwenye joto.

Yai lenye mbegu linapotoka kwa kuku, ndani yake uhai umeshaanza. Kijusi kina maelfu ya chembe hai, halafu ubaridi wa nje unakilaza usingizi. Usingizi huo unataka nyuzijoto 15 hadi 18. Likizidi kama 21 kinaanza kuamka, na katika joto la chumba cha Dar kinaamka nusunusu: hakikui vizuri, hakilali vizuri, kinachoka. Kwa siku saba za kwanza yai linavumilia. Baada ya hapo kila siku inayopita inapunguza uwezo wake wa kutotoa, na kwenye joto linapungua haraka zaidi. Kijusi kikifa katika hali hiyo kinakuwa kidogo mno, na siku ya kumi ukimulika huoni kitu. Yai ambalo halikuwahi kuwa na mbegu, na yai ambalo mbegu yake ilikufa mapema, mbele ya tochi ya simu ni mapacha.

Ukitaka kuwatofautisha mapacha hao, pasua kwenye sahani nyeupe. Juu ya kiini kuna doa. Lisilo na mbegu, doa lake ni dogo, jeupe zito, halina umbo. Lililokuwa na mbegu, doa limepanuka lina duara ndani ya duara kama shabaha, au utaona utando wa rangi ya maziwa umetanda juu ya kiini. Kazi ya dakika kumi. Wewe ulikuwa na mayai 21 ya kupasua, sasa ushahidi wote ameshaula nguruwe wa jirani. Bila huo ushahidi mimi siwezi kusema mayai hayakuwa na mbegu, wewe huwezi, na grupu zima haliwezi. Jogoo mmoja kwa mitetea minane anatosha kabisa, hapo sina shaka naye.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niamini ni uzee wa mayai. Kienyeji walianza siku ya 20 jioni, Kuchi wakaanza kudonoa siku ya 21 alasiri, wakatoka ya 22. Yai likikaa stoo, kila siku ya kukaa inalichelewesha kutotoa kwa karibu saa moja. Waliochelewa kwako ni walewale waliokaa.

Huyo ni muuzaji. Sasa wewe.

Usingeyaosha. Yai lina utando wake wa asili unaoziba maelfu ya vitundu vya ganda. Ukilitia maji unauondoa, na yakiwa ya baridi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu vilivyomo ndani vinasinyaa na kuvuta kwa ndani maji machafu pamoja na vijidudu vyake. Lile bomu la siku ya 16 ulilitengeneza mwenyewe pale bombani. Lililochafuka kidogo unalisugua kwa kitambaa kikavu, lililoloa ute unalipangusa taratibu na kuliacha likauke, na lililochafuka sana haliingii mashineni, hata kama limekugharimu 2,000.

La pili ni haraka. Mayai yametoka Dar, yameonja joto la Morogoro, yamepanda kona za Kitonga, yamemalizia na matuta kwenye boda, halafu baada ya saa moja unusu unayatia kwenye joto na kuanza kuyageuza. Ukweli ni kwamba hayakutaka joto usiku ule, yalitaka kupumzika. Jioni ile ungezima taa, ukachukua yai moja, ukaligusisha tochi kwenye upande butu, ungeona chumba cha hewa. Kikiwa kizima kinatulia kama kofia, hata ukiliinamisha yai hakihami. Likitikiswa sana safarini, ngozi ya ndani inaachia, na ile hewa inatembea kama tone la pimamaji ya fundi ujenzi. Mengi ya aina hiyo bado yana uhai, lakini yanataka uuguzi. Yasimamishe kwenye trei, upande butu juu, mahali penye ubaridi, saa 12 mpaka 24. Njombe ya Juni ni stoo ya mayai ya bure, mradi usiyaweke sakafuni wala karibu na dirisha.

Yakishaingia mashineni, yabaki yamesimama vilevile, na kigeuzi kizimwe siku mbili au tatu za mwanzo mpaka hewa itulie. Usizidishe, maana wiki ya kwanza kugeuza kunahitajika sana, kijusi kisigande kwenye ganda. Ukishakiwasha, kiinamishe trei taratibu huku na huku.

Nadhani wale kumi na wawili ambao hawakudonoa sehemu yao imo hapa. Kifaranga kabla ya kutoboa ganda anatoboa kwanza ngozi ya chumba cha hewa, na pumzi yake ya kwanza anaivutia humo. Chumba kikiwa kimehama, anatafuta hewa mahali ambapo haipo.

Wale sita waliotoboa ndio walionihuzunisha, kwa sababu walifika mlangoni. Hawa waliuawa na huruma yako kwa wale wanane. Kila ulipofungua mashine kumtoa wa kienyeji aliyekauka, mvuke wote ulitoka, ukaingia ubaridi mkavu wa jikoni. Kuchi ndio kwanza walikuwa wanadonoa. Ile ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda ikikauka inabana kama soksi iliyoloa ikakaukia mguuni, kifaranga hawezi kuzunguka akamaliza kukata ganda. Siku tatu za mwisho unyevu unatakiwa uwe asilimia 65 hadi 70, na mlango haufunguliwi. Aliyekauka anaweza kukaa humo siku nzima bila chakula wala maji na asidhurike, kwa sababu kabla ya kutoka amemeza kiini chote tumboni. Siku nyingine mayai ya safari na ya nyumbani yakiwa pamoja, ya nyumbani yaingize siku moja baadaye, watoke wote karibu muda mmoja.

Umeme kukatika kwa muda wa saa nne siku za katikati, sahau. Kuku mwenyewe huinuka kwenye kiota akaenda kula. Joto kuzidi ndilo linaloua upesi. Mashine ya feni ibaki 37.5 mpaka 37.8, na kama hukiamini kipimajoto chake, nunua kile cha kupimia homa duka la dawa, uvilinganishe kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Na kwa kuwa Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yai hukauka haraka kuliko kwetu huku chini, kwa hiyo bakuli la maji la mashine lisikauke hata siku moja.

Kuhusu hela. Vifaranga 11 kati ya 56 ni kidogo, sibishi. Lakini ujue kwamba kwa mayai yaliyosafiri mbali, mfugaji mzoefu akipata nusu anashukuru. Mwenzio mwaka fulani niliagiza mayai 20 ya kanga, wakatoka wanne, na wala sikuwa na wa kumlaumu, nilimtuma mpwa wangu akayachukue stendi kwa baiskeli isiyo na breki. Muuzaji wako ana makosa mawili: alikusanya kwa wiki mbili bila kukwambia umri wa mayai, na alifunga mzigo kizembe. Tapeli anadhamiria, huyu ni mzembe, na mzembe unadaiana naye kwa utaratibu. Mdai manne yaliyovunjika. Mengine mpe hesabu hii niliyokuandikia, mwombe akupunguzie mzigo mwingine. Ila kabla ya kumdai chochote, rudi kwenye grupu, palepale ulipomwanikia, uandike kwamba ulikosea kumwita tapeli. Ukimwomba radhi pembeni kwa simu huku jina lake limebaki limechafuka mbele ya watu wote, hujamwomba radhi. Hilo najua litakuuma kuliko ile laki na ishirini.

Mwezi wa nane usiagize trei mbili. Agiza mayai 24, umwambie huyo muuzaji mpya kila yai aliandike tarehe kwa penseli, na lolote lililozidi siku saba halipandi basi. Mwombe pia mengine sita ya mkusanyo huohuo amwekee kuku wake anayeatamia hukohuko kwake, na ukitaka mlipe. Yake yakitoka matano na yako yakatoka kumi, mtajua wote kwamba tatizo ni barabara. Yake yasipotoka, mtajua hivyohivyo, na hakuna atakayetukanwa.

Afunge kila yai kwa karatasi laini, upande butu juu, trei ziingie kwenye katoni yenye maranda chini, juu na pembeni, kisha katoni hiyo ndani ya kubwa zaidi. Aitikise kidogo: ikilia, arudie. Basi la usiku ni bora kuliko la mchana kwa sababu ya joto, na bora zaidi ni abiria unayemfahamu, ayapakate. Mzigo wa buti unakaa karibu na injini na chini ya magunia ya watu. Ukifika stendi chukua bajaji, mwambie dereva asikimbie, umpe na buku ya ziada.

Mumeo naye hajakosea. Kifaranga wa siku moja husafiri vizuri kuliko yai, kwa sababu ya kile kiini alichomeza. Kinamtosha kwa siku mbili hivi. Marekani posta inasafirisha vifaranga wa siku moja tangu 1918 kwa sababu hiyohiyo. Shida yako ni baridi. Kifaranga aliyezoea joto la Dar ukimshusha Makambako alfajiri ya Julai anafika ameganda. Kwa hiyo mjibu mzee kwamba vifaranga ni wa Oktoba, joto likianza kurudi.

Na hao 11 usiwadharau. Wape matone ya I-2, chanjo ya ugonjwa wa kideri, na uyarudie kila miezi mitatu, maana kideri hakiulizi huyu Kuchi au nani. Wakikua, karibu nusu watakuwa majogoo. Chagua mmoja tu, mpandishe kwa mitetea yako ya kienyeji, uanze kupata machotara wenye miguu mirefu bila kulipia basi. Usimpandishe kwa dada zake. Baba yao ni mmoja, yule wa kwenye picha, na kama minane ile nayo ina undugu basi hapo damu imebana sana. Hii ndiyo sababu ya haki ya kwenda kwa muuzaji mwingine mwezi wa nane: upate damu nyingine. Mwambie hivyo na yule wa kwanza, asije akadhani bado una kinyongo.

Lakini kabla ya yote hayo, hiyo mashine. Toa trei zote, sugua kwa maji moto ya sabuni mpaka kwenye kona za feni (ichomoe umeme kwanza), pitisha dawa ya kuua vijidudu, uianike juani siku mbili mlango wazi. Kama bado inanuka yai viza ujue vijidudu vya siku ya 16 bado vimo, vinasubiri hayo 24.